Mtu Anapanda Pamoja na Mzigo: Mashine za Kukusanya Komande Katika Depo za Kolwezi



Juzi mdogo mmoja aliyemaliza masomo ameniandikia hivi: "Yaya, nimeona tangazo la kazi ya depo, banaomba mutu mwenye kujua mashini ya kukusanya komande. Ile mashini iko namna gani? Si ni klarki tu?" Nilimjibu mistari miwili: hapana, si klarki tu. Halafu nikaona mistari miwili haitoshi. Wengi wetu tumesoma vitabu vingi, lakini depo tunaipita tu njiani kwenda ofisini. Tena kuna jambo nililoliona kwa macho yangu katika kazi hii ambalo sikulisema wakati wake. Leo nieleze yote mawili.

Tuanze na kazi yenyewe, mashine itafuata.

Kuzunguka Kolwezi tuna migodi mikubwa: KCC, Mutanda, Sicomines, Kamoa-Kakula upande wa magharibi, na Tenke Fungurume ukienda Likasi. Kila mmoja una depo ya vipuri. Humo kuna filta, beringi, mikanda, mabomba ya mpira, pampu nzima, bolti za kila saizi, hata gambuti na glovu. Ni maelfu ya aina. Kwa nini waweke vitu vingi hivyo? Juu ya njia. Kipuri kinashuka melini Durban ama Dar es Salaam, kinapanda lori, kinapita Zambia, kinapanga foleni Kasumbalesa, kinafika Lubumbashi, kisha bado kilomita kama 300 mpaka hapa. Ukingoja lori kubwa la mgodi liharibike ndipo uagize filta, lori litalala wiki nyingi. Kwa hiyo unakiweka karibu, kabla ya kukihitaji.

Sasa fundi wa karakana anahitaji filta mbili, mkanda mmoja na bolti 12. Anaandika bono. Bono inafika kwa magazinie. Magazinie anaisoma, anatembea mpaka kwenye rafu, anatafuta, anachukua, anahesabu, anarudi, anakabidhi, wanatia sahihi. Hiyo ndiyo kukusanya komande. Sisi tuliokulia katika kambi za Gécamines tuliiona kazi hii tukiwa watoto bila kujua jina lake. Siku ya posho mama alipeleka kadi, na bwana wa nyuma ya meza aliisoma, akaenda kuleta unga na vitu vingine vilivyoandikwa, akapiga alama. Karatasi, rafu, mkono, hesabu. Hakuna kilichobadilika, ila ukubwa.

Katika kazi hiyo, ni sehemu gani inakula saa nyingi? Si kuchukua, wala kuhesabu. Ni kutembea. Wanaochunguza kazi za depo wanasema karibu nusu ya saa za mkusanyaji zinaishia miguuni. Kwa hiyo mashine zote nitakazozitaja zinajibu swali moja: mtu amfuate mzigo, ama mzigo umfuate mtu?

FAMILIA YA MASHINE

Ya kwanza kila mtu anaijua: transpaleti ya mkono. Unaingiza uma wake chini ya palete, unapampu mpini mara chache, mafuta yanasukuma, palete inainuka sentimita chache tu, unavuta. Inabeba kama tani mbili. Ndugu yake wa umeme ana mahali pa kusimama, na mara nyingine uma mrefu wa kubeba palete mbili. Dereva anapita kati ya rafu, anashuka, anachukua vitu vya ngazi ya chini, anavipanga nyuma yake, anaendelea. Hiyo tayari ni mashine ya kukusanya komande, ile ya chini.

Ya pili ni klarki. Jina ni la kampuni ya Marekani, Clark, lakini Wabelgiji walilitumia kwa kila mashine ya namna hiyo, na sisi tukalirithi. Klarki ina uma mbele na uzito mkubwa wa chuma nyuma, kama mizani ya sokoni. Dereva anakaa chini, mzigo ndio unaopanda. Ni nzuri kwa palete nzima. Lakini nikihitaji filta moja kati ya 40 zilizo juu, klarki itashusha palete nzima, tuifungue, tutoe moja, tuirudishe. Tena inataka njia pana, kama mita tatu na nusu, ili igeuke.

Ya tatu inafanana na klarki lakini mlingoti wake unasogea mbele na kurudi nyuma. Inapita njia ya mita tatu ama chini yake, na inafika mita 10 na zaidi. Hii pia inabeba palete, na dereva anabaki chini.

Ya nne ndiyo ile ya tangazo. Hapa mtu anapanda pamoja na mzigo. Dereva anasimama kwenye jukwaa dogo lililofungwa kwenye mlingoti, na uma ulio na palete tupu uko pamoja na hilo jukwaa. Akiinua, vyote vinapanda: yeye, vidhibiti vyake, palete. Anasimama mbele ya rafu ya nne, ananyoosha mkono, anachukua filta mbili, anaziweka kwenye palete yake. Anasogea hatua kidogo, anashuka ngazi moja, anachukua mkanda. Karatasi ikimalizika anateremka na komande nzima. Hakuna palete iliyoshushwa bure. Njia inaweza kuwa chini ya mita mbili, na katika depo nyingi mashine inaongozwa na reli za pembeni ama waya uliozikwa katika sakafu, ili dereva asigonge rafu.

INASIMAMAJE BILA KUANGUKA?

Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe siku ya kwanza, maana kuona mtu yuko juu mita nane kwenye kitu chembamba kunatisha. Jibu lina sehemu kadhaa.

Betri yake ni nzito sana, mamia ya kilo, na imewekwa chini kabisa. Kadiri jukwaa linavyopanda, kompyuta ya mashine inapunguza mwendo: chini inakimbia, juu inatambaa. Chini ya mguu kuna pedali, na ukitoa mguu mashine inasimama. Ili kuendesha lazima mikono yote miwili iwe kwenye vidhibiti, basi huwezi kuwa na mkono mmoja ndani ya rafu huku mashine inatembea. Pembeni kuna vizuizi ambavyo visipofungwa, mashine inakataa kupanda juu. Dereva anavaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwa kamba kwenye mashine. Na chini kuna kifaa cha kuteremsha jukwaa kwa mkono, ili umeme ukikatika ama dereva akizimia, mwenzake aliye chini amshushe.

Lakini yote hayo yanategemea sakafu. Tufanye hesabu ndogo. Magurudumu mawili yako mbali mita moja. Upande mmoja wa sakafu umebonyea sentimita moja tu. Kule juu, mita 10, mlingoti utakuwa umeinama sentimita 10. Sentimita moja ambayo mguu hauisikii, huko juu ni upana wa kiganja. Ndiyo maana mashine hii haiwezi kufanya kazi kwenye uwanja wa udongo mwekundu ama saruji iliyopasuka, na depo zetu nyingi zilianza hivyo: kontena, bati, na uwanja uliosawazishwa haraka. Kampuni ikinunua mashine kabla ya kutengeneza sakafu, imenunua hatari.

Kuna pia bamba la chuma lenye namba, limefungwa mbele ya dereva. Wengi hawalisomi. Linasema mashine inabeba kilo ngapi kwa urefu upi. Mashine inayoinua kilo 1,000 chini huenda isiruhusiwe hata nusu yake ikiwa juu kabisa. Lisome kila siku mpaka ulijue kwa kichwa.

JAMBO AMBALO SIKULISEMA

Sasa nifike pale.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika depo moja ya huku kwetu, sitaitaja. Mashine ya kupandisha mtu hatukuwa nayo, tulikuwa na klarki mbili. Ilikuwa majira ya mvua, jioni, pampu ya kutoa maji shimoni ikasimama. Fundi alihitaji mipira ya kuzuia maji yasivuje, boksi moja dogo ambalo mtoto anaweza kulibeba. Boksi hilo lilikuwa ngazi ya tatu, kama mita nne juu. Palete yake ilikuwa imezibwa mbele na makreti yaliyoshushwa asubuhi. Ili klarki ifike vizuri, ilibidi kwanza makreti yaondolewe.

Simu zilikuwa zinalia. Mtu mmoja akasema, "Panda tu ku palete, bakupandishe." Mwenzangu akasimama kwenye palete tupu, klarki ikamwinua. Mimi nilikuwa chini nimeshika bono. Alilifikia boksi, lilikuwa limekwama, akalivuta kwa nguvu. Mwili ukaenda nyuma, palete ikateleza kwenye uma. Alianguka kwenye saruji. Nyonga ilivunjika. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo anatembea na fimbo, na katika depo hakurudi tena.

Usiku uleule wengine waliondoa makreti na kutoa boksi kwa njia sahihi. Niliangalia saa: dakika 25.

Ripoti ilisema ni uzembe wa mfanyakazi. Waliniletea nitie sahihi kama shahidi, nikatia. Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu, na watoto wawili. Kile ambacho ripoti haikusema, na mimi nilikijua, ni kwamba kupandishwa kwenye palete kulifanyika karibu kila wiki, na wakubwa walipita wakaona, wakanyamaza. Mwenzangu hakuwa mzembe. Alifanya kama ilivyozoeleka.

Nimeeleza mashine ya nne kwa kirefu juu ya hiyo. Mtu anayeona kwa mbali anaweza kusema: si ni kitu kimoja, mtu amepandishwa juu? Hapana. Palete imelala tu juu ya uma, haijafungwa. Haina kizuizi pembeni wala mahali pa kufunga kamba. Anayeinua ni mtu mwingine aliye chini, haoni mikono yako. Na klarki haijui kama imebeba mtu ama saruji, kwa hiyo haitapunguza mwendo. Katika mashine ya kukusanya komande, kila moja ya hatari hizo ilipewa jibu lake.

JE, ROBOTI ZITAKUJA?

Mdogo wangu aliuliza pia hilo. Huko ng'ambo kuna depo ambako mtu hatembei kabisa. Kampuni ya Kiva ilianzishwa Marekani mwaka 2003. Roboti zake fupi zinaingia chini ya rafu, zinaibeba rafu nzima mpaka mbele ya mfanyakazi. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kwa dola milioni 775. Huko Norway kampuni ya AutoStore inapanga masanduku moja juu ya jingine bila njia yoyote katikati, na roboti zinatembea juu yake zikivuta sanduku linalotakiwa. Kuna pia makabati marefu ya umeme: unaandika namba, trei inashuka yenyewe mbele yako kama lifti. Hapo ndipo mzigo unamfuata mtu.

Kwetu naona makabati hayo yanawezekana kwa vitu vidogo, maana yanazuia vumbi la kiangazi na kupunguza wizi. Roboti kubwa, bado. Vipuri vya mgodi havilingani: leo bolti, kesho pampu ya kilo 200, kesho kutwa bomba la mita 12. Roboti inapenda masanduku ya saizi moja. Na umeme tunaujua. SNEL ikikata, jenereta iwake, roboti zianze upya kujitafuta.

Umeme unagusa hata mashine ya kawaida. Betri ya risasi na asidi inafanya kazi zamu moja, kisha inataka kama saa nane za kuchajiwa na muda wa kupoa. Ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka. Chumba lazima kiwe na hewa, hakuna sigara, na maji ya betri yaangaliwe. Betri za lithiamu zinachajiwa kidogo kidogo wakati wa mapumziko, hazitaki maji. Watu wa Kolwezi tunapenda kusema kila betri ya lithiamu ina kobalti yetu ndani. Kwa mashine za depo, mara nyingi si kweli, maana nyingi zinatumia aina ya chuma na fosfeti isiyo na kobalti. Shaba ndiyo hakika imo, katika mota na nyaya zake zote.

KABLA YA MASHINE, MPANGILIO

Hapa nasema na wenzangu ambao sasa wanaitwa shefu. Mashine katika depo isiyo na anwani inampeleka mtu haraka kwenye rafu isiyo yake. Kila mahali pawe na anwani: mstari, rafu, ngazi, nafasi. Mfano A-07-03-2: mstari A, rafu ya 7, ngazi ya 3, nafasi ya 2. Ibandike, iwe na mistari ya kusomwa na skana, na iandikwe kwenye bono. Halafu angalia bono za mwaka mzima. Utakuta sehemu ndogo ya vitu, labda moja kwa tano, ndiyo inayoombwa mara nyingi sana. Hivyo viwekwe karibu na meza, kati ya goti na bega. Vinavyoombwa mara moja kwa mwaka vipande juu. Kazi hiyo inataka siku chache, watu wanne na transpaleti. Haitaki mkopo wa benki.

KWA MDOGO WANGU

Kujua klarki hakutoshi. Wafaransa wana cheti kinachoitwa CACES, na katika mpangilio wake mpya ulioanza mwaka 2020, klarki ya kawaida iko daraja la 3, ile ya mlingoti unaosogea daraja la 5, na hii inayopandisha mtu daraja la 6. Ni mafunzo matatu mbalimbali. Ukipata kazi, omba ufundishwe kwenye mashine ileile utakayoiendesha, na usione haya kuuliza haya kabla ya kupanda:

– Mkanda wa mwili uko wapi, na ulikaguliwa lini?
– Nani aliye chini anajua kuniteremsha kwa mkono? Anionyeshe.
– Bamba la uzito linasema nini kwa urefu ninaokwenda?
– Breki, honi, pedali na vizuizi vimejaribiwa leo asubuhi?
– Sakafu ya njia hii ina shimo, mafuta ama kipande cha ubao?

Na siku wakikuambia upande kwenye palete ya klarki, kataa. Najua nasema neno jepesi kwa mdomo na zito kwa tumbo. Mkataba mfupi unafunga kinywa, mimi shahidi. Basi usikatae peke yako. Mwite mwenzako, semeni pamoja: "Shefu, tupe nusu saa tuondoe makreti." Mpe hesabu, maana shefu anasikia hesabu: dakika 25.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kumwona mwenzangu nyumbani kwake. Nilimwambia juu ya ile sahihi. Alijua tangu zamani. Nilimuuliza kama naweza kuandika bila kumtaja, akakubali. Halafu nikamweleza mashine hii, jinsi jukwaa lake lilivyo, kamba, pedali, vizuizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Iko muzuri. Lakini ile boksi tulikuwa tunaiombaka kila wiki. Waambie bintu bya kila siku babiweke chini."

Tuko pamoja.